Riwaya ya jini mahaba ndani ya nyumba yenye watoto: shajara ya mradi, Nkuhungu, Dodoma

Jumapili, 12 Januari 2025: ratiba ya nyumba

Mradi ni riwaya moja ya mapenzi kati ya binadamu na jini, sehemu 36 za maneno kama 1,200 kila moja, iandikwe na kuuzwa kwa simu kabla ya Septemba, na nyumba isikose chakula, maji wala mtu wa kukagua madaftari. Nyumbani kuna baba ambaye ni mtumishi wa umma Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mama ambaye ndiye mwandishi, bibi mzaa baba, na watoto watatu: wa darasa la sita, wa darasa la pili na wa miaka miwili. Shajara tunaiweka sisi kikundi cha waandishi tulio naye, ili anayetaka kuiga aone pa kupita na pa kukwepa.

Wengi huanza na hadithi, halafu wanahangaika na muda. Hapa karatasi ya kwanza kabisa imebandikwa jikoni, na ni ya mambo ya nyumba yasiyosogezwa: gari la shule saa 12:15 asubuhi, baba kutoka saa 12:30, kikoba Alhamisi jioni, ibada Jumapili, maji ya mgao usiku wa Jumanne na wa Ijumaa. Riwaya imepewa kilichobaki, na urefu wa sehemu umepimwa kwa kilichobaki hicho. Ndiyo maana ni maneno 1,200 na si 2,500.

Nafasi ya usiku wa manane ilijaribiwa Desemba, saa 4 hadi saa 7, watoto wakiwa wamelala. Ikakataliwa. Maneno yalikuwa mengi, ila yaliyoandikwa baada ya saa 5 karibu yote yalifutwa: jini anasema jambo lile lile mara mbili, jina la dada wa mhusika linabadilika katikati ya ukurasa. Uji unachelewa, gari la shule linapiga honi getini, na mwandishi anashinda amenuna. Tena hadithi za aina hii zina tabu yake kwa saa hizo. Ukitoka kwenye onyesho la kutisha saa 7 usiku, usingizi hauji upesi hata kama mtishaji ni wewe mwenyewe.

Nafasi iliyofaa ni ile ambayo mtu wa nyumba hukesha kwa sababu nyingine. Maji ya mgao huanza kutoka saa 8 usiku na presha yake ni ndogo: ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika 2 hivi, kwa hiyo tanki la lita 1,000 hula saa 1 na dakika 40. Muda wote huo mtu amekaa kwenye kigoda uani, anasubiri tu. Makubaliano: siku za mgao mwandishi analala saa 2:30 pamoja na watoto, baba anashika vyombo na madaftari. Saa 8 mwandishi anaamka, anajaza kwanza madumu, anaelekeza mpira kwenye tanki, anaandika hadi saa 9:40, anarudi kitandani. Uji wa asubuhi hiyo ni wa baba. Usiku mmoja hutoa maneno kama 900. Ukiongeza saa mbili za Jumamosi alasiri, maneno 1,200, wiki inatoa 3,000, yaani sehemu mbili na nusu.

Gharama: kaunta buku mbili za kwaya tatu, Sh 8,000, taa ya kuchaji, Sh 18,000, kibodi ndogo ya Bluetooth ya kuunganisha na simu, Sh 45,000. Jumla Sh 71,000. Kibodi ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Kwa kidole gumba mwandishi anapata maneno kama 350 kwa saa. Kwa kibodi anapata kati ya 500 na 600.

Jumapili, 26 Januari 2025: jini amekataliwa na wasomaji

Sehemu nne za kwanza zimesomwa na wasomaji wa majaribio wanne, wote wanawake, wawili kati yao wasomaji wakubwa wa simulizi za kwenye simu. Zimerudi na jibu moja: huyu si mpenzi, huyu ni mvamizi.

Sababu inaeleweka. Jini mahaba wa masimulizi yetu huja usingizini bila kuitwa, huwatimua wachumba, humfanya mke amchukie mume. Ukimchukua alivyo ukamweka kwenye riwaya ya mapenzi, msomaji anamwogopa, na anayeogopwa hapendwi. Anayeandika hadithi ya kutisha anaweza kumwacha hivyo. Anayeandika mapenzi lazima ambadilishe, kwa sababu msomaji wa mapenzi amelipia kitu kimoja: hawa wawili wafike, na wafike kwa hiari.

Onyesho la kwanza lilikuwa hivi: "Alipofumba macho alihisi mikono ya baridi ikimzunguka kiunoni, na sauti ikamwambia, wewe ni wangu." Limeandikwa upya: "Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuingia. 'Hodi,' alisema. Hakujibiwa. Baada ya kitambo akasema tena, kisha mara ya tatu, na alipokosa jibu akageuka, na vumbi la uani likainuka na kumfuata." Wasomaji wale wale wakauliza sehemu inayofuata iko wapi.

Hodi hiyo imekuwa kanuni ya kwanza ya jini, na kila kanuni imeandikwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa kaunta buku ili isivunjwe kwa kusahau. Haingii pasipo karibu. Akiitikiwa "subiri," atasubiri hata miaka. Kila akitumia uwezo wake anasahau jambo moja la maisha yake ya zamani, na kilichosahaulika hakirudi. Kwa hiyo kila msaada anaompa mpenzi wake una bei, na msomaji anaihesabu. Haonekani kwa watoto, hawagusi, hawatishi. Kanuni hii ya mwisho imewekwa kwa ajili ya nyumba kuliko riwaya. Mwandishi mwenye watoto watatu hawezi kulala vizuri ikiwa kitabu chake kinawinda watoto.

Kikwazo kingine: jini wa rasimu ya kwanza alinukia bahari. Ukisoma uko Nkuhungu unajiuliza amefikaje. Majini wengi wa fasihi yetu ni wa pwani, na mwandishi wa Dodoma akiwaazima bila sababu hadithi inayumba. Tumempa njia ya kweli. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, na watemi wa Kigogo wakaidai hongo, yaani ushuru, kwa ajili ya maji na njia. Jini wetu alisafiri na msafara mmoja, na mkuu wa msafara alipoishiwa nguo na shanga za kulipa, akamwacha rehani kisimani. Tangu hapo anasubiri wa kumkomboa. Dalili za ujio wake nazo ni za huku: kimbunga chembamba cha vumbi mahali pasipo upepo, harufu ya mvua ya kwanza kabla ya wingu, jiwe lenye baridi saa 8 mchana. Udi na marashi yamebaki mara moja tu, kwenye kumbukumbu yake ya Bagamoyo.

Yaliyopigwa marufuku kwenye mswada, na tunamsihi kila anayeandika aina hii ayapige marufuku pia: ajuza mwenye macho mekundu kuwa mchawi, na kiungo cha mtu mwenye ualbino kuwa dawa. Katika nchi hii watu wameuawa kwa imani hizo. Macho ya kikongwe huwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni. Hakuna hadithi inayohitaji kuongezea kuni pale.

Bibi. Mama mkwe kusikia kwamba mkwewe anaandika majini ndani ya nyumba ya mwanawe si jambo la kuacha alisikie kwa jirani. Alielezwa mapema, kwa heshima, hadithi nzima hadi mwisho wake, hasa mwisho, maana hofu yake ilikuwa kwamba kitu kinachoitwa kwa jina hubaki. Alitoa masharti mawili: lisitumike jina la mtu yeyote wa ukoo aliyekufa, na mambo hayo yasizungumzwe wakati wa kula. Alipoulizwa kuhusu tambiko la kuombea mvua alisema hilo si la kuandikwa, na halikuandikwa; tambiko la kwenye riwaya limebuniwa lote. Kwa upande wa mabuyu, misimu na jinsi wazee walivyochota maji kwenye mchanga wa korongo, amekuwa hazina.

Gharama: bando la shukrani kwa wasomaji wanne, Sh 3,000 kila mmoja, Sh 12,000.

Jumapili, 23 Februari 2025: sehemu sita za bure, na mambo matatu yaliyoharibika

Kuanzia tarehe 5 hadi 22 Februari sehemu sita zimetumwa bure kwenye kundi la WhatsApp, Jumatano na Jumamosi jioni. Usomaji umekwenda vizuri. Yaliyoharibika ni haya.

Tanki lilifurika. Mwandishi akiwa ndani ya onyesho hasikii maji yakimwagika, na lita za mgao zilizokwenda kwa jirani ndizo za kufulia wiki nzima. Kuweka kengele ya simu hakukusaidia, kwa kuwa presha hubadilika: leo dakika 100, kesho 70. Dawa ni koki ya boya, inayojifunga yenyewe maji yakifika juu. Koki Sh 15,000, fundi Sh 10,000. Sasa madumu yakishajaa, uani hakuna kingine cha kuangalia.

Imla ilimtia mtoto hofu. Ili kuokoa muda, maonyesho kadhaa yalisemwa kwa sauti simu ikaandika. Kibodi ya Google inapokea imla ya Kiswahili. Kwanza, iliandika "jina" au "chini" mahali pa "jini," na alama za uandishi hazikuaminika, kwa hiyo muda uliookolewa ulirudi wote kwenye kusahihisha. Pili, na hili ndilo zito, mtoto wa darasa la pili alisikia ukutani mama yake akisema kwa sauti nzito, "Nimekungoja kisimani." Akaanza kukataa kwenda chooni usiku. Hatukumwambia majini hayapo, maana bibi na mwalimu wa dini wangemwambia vingine. Alionyeshwa kaunta buku na kanuni ile ya watoto, akaisoma mwenyewe kwa herufi kubwa: HAWATISHI WATOTO. Baada ya hapo imla imebaki kwa maonyesho ya sokoni na ya mapishi tu, mchana. Programu ya kuandikia imewekewa namba ya siri, kwani simu ya mama ndiyo simu ya katuni.

La tatu ni jina la kalamu, na lilivuja kupitia pesa. Baadhi ya wasomaji walilipia kundi la kwanza la sehemu za kuuza kabla halijatangazwa, wakatuma kwa namba ya kawaida, na namba ya kawaida huonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini. Mmoja alikuwa wa jumuiya ile ile ya kanisani, na jina likafika kanisani. Halikuleta ugomvi kwa kuwa baba na bibi walikwishajua kila kitu. Ingekuwa ni siri ndani ya nyumba, lingekuwa jambo lingine kabisa. Sasa malipo yanapokelewa kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na mlipaji anaona jina hilo tu. Afunguaye mradi kama huu aanze na Lipa Namba kabla ya sehemu ya kwanza ya bure.

Kundi la WhatsApp nalo limefungwa. Ndani ya kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake, na wasomaji wanawake walianza kupigiwa simu na wanaume wasiowajua. Tumehamia orodha ya matangazo: kila mmoja anapokea kama ujumbe wake peke yake. Orodha moja inachukua watu 256, na asiyehifadhi namba ya mtumaji hapokei kitu. Hilo liandikwe kwenye ujumbe wa kwanza, la sivyo utapokea malalamiko ya sehemu ambazo kwako zinaonekana zimekwenda.

Jumapili, 6 Aprili 2025: mwezi wa kunyamaza

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza ndani ya wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Wasomaji Waislamu waliomba mapenzi yasitumwe mchana wa mfungo, wengine yasitumwe kabisa. Wakristo kadhaa nao wakasema wamejinyima simulizi hadi Pasaka. Kulazimisha mauzo mwezi huo ni kupoteza heshima ya watu kwa shilingi chache. Tulitangaza tunasimama, tutarudi Jumatano baada ya Pasaka, tarehe 23 Aprili.

Kunyamaza huko kulitumika kwa masahihisho. Sehemu 16 zilizokuwa tayari zilichapwa kwenye karatasi, kurasa 74 kwa Sh 100, Sh 7,400, kwa sababu makosa ya mfululizo hayaonekani kwenye kioo cha simu. Yalionekana mezani: jini amesahau mambo tisa, lakini kwenye sehemu ya 14 anakumbuka moja kati ya hayo tisa. Kisima kiko mashariki ya kilima, halafu kwa aliye kilimani jua linatua nyuma ya kisima. Ukurasa mpya umeongezwa kwenye kaunta buku, "Aliyoyasahau," wenye namba ya sehemu kando ya kila jambo.

Maonyesho ya mapenzi yalipimwa wakati huu. Kipimo tulichokubaliana ni kwamba yasomeke sebuleni mbele ya shemeji pasipo mtu kutafuta sababu ya kutoka. Kiswahili kina tafsida ya kutosha. Mlango ukifungwa na taa ikipunguzwa, msomaji anajua. Baba alipewa muhtasari wa kila sehemu yenye mapenzi kabla haijatoka. Hapewi kalamu ya kusahihisha. Kwenye kikundi tumeshaona riwaya zilizosimama kwa sababu mume alianza kuuliza mhusika huyu ni nani hasa, na swali hilo hupungua sana kwa mtu aliyeambiwa mapema. Ujumbe wa wasomaji wa kiume unaovuka mpaka hujibiwa kwa sentensi moja isiyobadilika, kisha namba inazuiwa.

Jumapili, 18 Mei 2025: Bunge la bajeti limekula akiba

Tulianza kuuza tarehe 23 Aprili tukiwa na sehemu 18, sita zikiwa zilikwishatoka, kwa hiyo akiba ilikuwa 12. Kwa kasi ya mbili na nusu kwa wiki na kutuma mbili, akiba ilitakiwa ikue. Imepungua kila wiki.

Jambo ambalo halikuwemo kwenye karatasi ya jikoni ni Bunge. Aprili hadi Juni ni mkutano wa bajeti, na mtumishi wa wizara aliyeko Mtumba harudi saa 11. Anarudi majibu ya maswali yakiwa tayari, saa 3 au saa 4 usiku. Zamu ya baba ya vyombo, madaftari na uji imerudi yote kwa mama, na usiku wa maji sasa ni wa kulala nusu. Kinachotoka ni sehemu moja kwa wiki. Kutuma mbili na kuandika moja kungemaliza akiba katikati ya Julai, riwaya ikiwa haijaisha. Familia nyingi za Dodoma zina mtu ambaye kalenda yake inafuata Bunge, awe dereva, mpishi wa hoteli, mwandishi wa habari au mwenye nyumba ya wageni. Iandikwe kwenye karatasi tangu Januari.

Marekebisho matatu yanaendelea. La kwanza ni kuongeza msaada: dada wa kazi analipwa Sh 30,000 zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu, akae na mtoto mdogo Jumamosi kuanzia saa 4 hadi saa 8. Sh 90,000. Fedha hizi zimetoka kwenye mauzo ya kundi la kwanza, na tunaziona ni za lazima kuliko jalada zuri.

La pili ni kadi za onyesho. Vipande vya dakika 20 vilivyokuwa vikipotea, wali ukiwa unakauka au foleni ya zahanati, haviwezi kutumika kama mwandishi anaanza kwa kujiuliza nini kinafuata. Jumapili jioni zinaandikwa kadi tano au sita, kila moja na mistari minne. Mfano wa kadi ya sehemu ya 22:

Mahali: Soko la Sabasaba, kwenye mafungu ya karanga, mchana.
Anataka: kununua karanga za arobaini ya shangazi, asionekane amelia.
Kinachozuia: muuzaji anamwambia kuna kijana amekwishalipa, na anamwelezea kijana ambaye wengine sokoni hawakumwona.
Mstari wa mwisho: chenji aliyopewa ni sarafu ya zamani, ina mchanga.

Kwa kadi kama hiyo dakika 20 hutoa maneno 180 hadi 200. Bila kadi hutoa 40, nayo hufutwa.

La tatu limewafurahisha wasomaji kuliko tulivyotegemea. Sehemu ya Jumatano imekuwa barua ya jini, maneno 400 hadi 500, anayoandika kabla hajasahau jambo fulani. Ni fupi na haina mazungumzo ya kupanga, tena inaandikika usiku mmoja wa maji. Ila ina hatari yake: barua tatu mfululizo zilisimamisha hadithi kabisa. Sasa kila barua lazima iwe na kitu kimoja ambacho mpenzi wake hakijui bado na atakihitaji Jumamosi.

Jumapili, 29 Juni 2025: watoto wako likizo

Shule zimefungwa tangu mwanzo wa mwezi. Bajeti imepita, baba anarudi mapema tena, lakini nyumba ina watoto kutwa.

Kuwafukuza chumbani kulishindikana kwa sababu iliyo wazi: mlango unaofungwa ndio unaogongwa. Badala yake kuna kitambaa chekundu kwenye kitasa. Kikiwepo, maswali yote yanakwenda kwa bibi au kwa mkubwa, isipokuwa damu, moto na mgeni. Kinakaa dakika 45, si zaidi, na kikiondolewa mama anakuwa wao kweli, simu ikiwa juu ya kabati. Siku ambazo kitambaa kilipitiliza hadi saa mbili, watoto waliacha kukiheshimu kwa siku kadhaa zilizofuata.

Mkubwa wa darasa la sita amepewa kazi ya kuhesabu maneno na kutafuta herufi zilizorukwa kwenye sehemu zisizo na mapenzi wala kutisha. Analipwa Sh 500 kwa sehemu. Ana jicho kali. Ndiye aliyeona kwamba mbuyu ulikuwa na majani mengi mwezi wa Agosti, wakati mibuyu ya huku kipindi hicho iko mitupu.

Akiba imesimama kwenye sehemu nne. Mwisho wa riwaya umeandikwa kabla ya katikati, nao ni ushauri wetu wa dhati kwa anayeuza kwa sehemu: ukijua sentensi ya mwisho, hata ugonjwa ukiingia nyumbani wiki mbili, msaidizi wa kikundi anaweza kushika kadi zako.

Jumapili, 10 Agosti 2025: sehemu ya 36 imetoka

Imetoka Jumamosi ya tarehe 2. Jini amekombolewa, amesahau Bagamoyo yote, amebaki na jina la mpenzi wake tu, na amekaribishwa ndani.

Bei ilikuwa Sh 2,000 kwa kundi la sehemu kumi. Kundi la kwanza limenunuliwa na watu 140, la pili 118, la tatu 109, jumla Sh 734,000. Pengo kubwa liko kati ya la kwanza na la pili, na limekuja baada ya zile barua tatu mfululizo. Kuhusu kusambazwa bure: sehemu zilianza kuzagaa kwenye makundi mengine baada ya wiki chache. Kuweka jina la mnunuzi juu ya kila faili la PDF kumepunguza, hakujakomesha. Kufuatilia kila kundi kulikuwa kunakula saa za Jumamosi, kwa hiyo kumeachwa. Kilichosaidia zaidi ni ujumbe mfupi wa heshima mwanzoni mwa faili, wenye Lipa Namba, unaomwambia aliyepata bure anaweza kulipia sasa. Wapo waliolipa.

Kwa kitabu cha karatasi: mhariri Sh 150,000, jalada Sh 40,000. Mchoraji wa jalada alileta kwanza mwanamke mwenye damu mdomoni. Lilikuwa zuri, lakini lingemwita msomaji wa hadithi za kutisha na kumfukuza wa mapenzi. La pili lina kisima, ndoo na kivuli cha watu wawili. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, imeombwa kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na hakimiliki inasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Vyote viwili viombwe wakati mhariri anafanya kazi, si baada yake, ili mchapaji asisubiri.

Jumapili, 21 Septemba 2025: hesabu

Nakala 60 zimechapwa kwa Sh 7,000 kila moja, Sh 420,000. Nakala za kwanza zilirudishwa kiwandani: ukingo wa ndani ulikuwa mwembamba mno na maneno yalimezwa na gundi. Kabla ya kuidhinisha, omba nakala moja iliyokwisha kubanwa, uifungue katikati kabisa. Faili la kwenye kioo halionyeshi tatizo hili. Kitabu kinauzwa Sh 12,000 na zimeuzwa 41, Sh 492,000.

Matumizi yote, pamoja na bando la Sh 10,000 kwa mwezi kwa miezi tisa, ni Sh 905,400, mbali na zile mia tano za mkubwa, ambazo baba alisema ni zake. Mapato ni Sh 1,226,000 kabla ya makato ya mtandao. Zilizobaki ni Sh 320,600. Nusu, Sh 160,300, imekwenda kwenye sare na madaftari ya Januari kama ilivyokubaliwa mwanzo, nusu nyingine imewekwa kwa ajili ya riwaya ya pili.

Karatasi ya jikoni imebadilishwa. Mpya ina Bunge la bajeti, likizo za shule, na mwaka 2026 Ramadhani inaingia katikati ya Februari, sambamba na Kwaresima tena. Kwa hiyo sehemu za bure zitatoka Januari, mauzo yataanza baada ya Pasaka, na akiba itakayotakiwa siku hiyo ni sehemu 20. Bibi ameuliza kama hadithi ijayo inaweza kuwa na mvua.